Jinsi ya kutengeneza jedwali la nondo kwenye AutoCAD

Karibu kila mwezi kijana aliyeanza kazi kwenye ofisi ya michoro huniuliza swali lilelile: "Kaka, jedwali la nondo unalichoraje?" Jedwali hilo ni orodha ya nondo zote za mchoro: idadi, urefu, umbo na uzito wake. Nikiangalia kazi yake kwenye AutoCAD, programu ya kuchorea, nakuta amechora mistari kwa amri ya LINE, akaipanga kwa OFFSET, kisha akaandika kila namba peke yake kwa TEXT. Kwa macho jedwali ni zuri. Siku mhandisi anapobanza nafasi ya ringi (nondo nyembamba zinazozunguka nondo kuu) kutoka milimita 200 hadi 150, kijana anabadilisha namba moja na kusahau tatu. Jumla ya kilo inabaki ya zamani, na kwa jumla hiyo nondo zinaagizwa.

Nimewahi kuona nyumba ikisimama siku nne katikati ya kazi ya bimu kwa sababu hiyo. Nondo za milimita 8 ziliisha, duka lililokuwa karibu halikuwa nazo, na mafundi walikaa chini bila posho. Mchoro ulikuwa sahihi kabisa. Kosa lilikuwa kwenye seli moja ya jedwali.

Kwa hiyo hapa hatuchori jedwali. Tunalitengeneza kwa amri ya TABLE, ambayo AutoCAD imekuwa nayo tangu toleo la 2005, ili lijipigie hesabu lenyewe. Ukitumia BricsCAD au ZWCAD, amri ni hiyohiyo na hatua zinafanana sana, ingawa madirisha yake yana sura tofauti kidogo.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Mchoro wa bimu uliokwisha kupewa alama za nondo. Kama nondo bado hazina alama 01, 02, 03, simama hapo uziweke kwanza.
- Leyauti, yaani ukurasa wa kuchapia ndani ya AutoCAD, iliyowekwa ukubwa wa karatasi utakayochapa. Mfano wetu ni A3, yaani milimita 420 kwa 297.
- Leya (tabaka la mchoro) ya jedwali peke yake. Usiliweke kwenye leya 0.
- Mtindo mmoja wa maandishi ambao urefu wake umewekwa 0. Sababu utaiona kwenye hatua ya 2.
- Kikokotoo, au Excel.

Mfano nitakaotumia ni bimu B1 ya milimita 230 × 450, kava (zege linalofunika nondo) milimita 25, nafasi ya mita 4 kati ya nguzo na nguzo, na nyumba ina bimu 6 za namna hiyo. Chini kuna nondo 3 za milimita 16, juu nondo 2 za milimita 12, na ringi za milimita 8 kila milimita 200. Fuata na namba hizi hizi mara ya kwanza. Ukifika mwisho ukapata jumla niliyoipata mimi, utajua hatua zote zimekaa.

Kutengeneza jedwali

1. Piga hesabu ya urefu wa kila nondo kwanza. Hii inafanyika nje ya AutoCAD. Kiwango kinachotumika sana kwenye michoro yetu ni BS 8666 cha Uingereza, kilichochukua nafasi ya BS 4466, na ndicho kinachotoa namba za maumbo: 00 ni nondo iliyonyooka, 11 ina mkunjo mmoja, 21 ina mikunjo miwili kama herufi U, 51 ni ringi.

Kwa umbo la 21, urefu ni A + B + C, toa r, toa d mbili. Herufi A, B na C ni vipimo vya pande za umbo, d ni kipenyo cha nondo, r ni nusu kipenyo cha mkunjo, ambayo kwa nondo za hadi milimita 16 ni 2d. Nondo ya 16 yenye A = 200, B = 4380, C = 200 inatoa 4780 − 32 − 32 = 4716. Kiwango kinataka upandishe hadi kigawe cha 25 kinachofuata, kwa hiyo andika 4725. Nondo ya 12 yenye 150, 4380 na 150 inatoa 4632, unaandika 4650.

Kwa ringi ya umbo la 51, urefu ni 2 × (A + B + C), toa 2.5r, toa 5d. Ringi yetu ina A = 400 na B = 180, kwa sababu tumetoa kava pande zote, na C = 115, ambayo ni ncha ya kufungia. Inakuja 1390 − 40 − 40 = 1310, unaandika 1325.

Fundi atakwambia anajua kukata ringi kwa macho. Mheshimu, lakini namba ya jedwali itoke kwenye hesabu, kwa kuwa mwenye nyumba ananunua kwa namba hiyo.

2. Tengeneza mtindo wa jedwali. Andika TABLESTYLE, bonyeza New, upe jina unalolielewa, mfano NONDO. Ndani yake kuna mitindo mitatu ya seli: Title ni kichwa kikuu, Header ni vichwa vya safu, Data ni mistari ya kawaida. Kila mmoja una kurasa za General, Text na Borders, na lazima upite kwenye mitindo yote mitatu. Wengi hubadilisha Data pekee kisha wanashangaa kichwa kimekuwa kikubwa kupita jedwali.

Weka hivi: maandishi ya Data 2.5, Header 2.5, Title 3.5. Kwenye General weka Alignment iwe Middle Center, na Margins zote mbili ziwe 1. Kwenye Borders upe mstari wa nje unene wa 0.35 na wa ndani 0.18.

Kama kisanduku cha Text height kimefifia na hakikubali namba, mtindo wako wa maandishi una urefu uliofungwa. Rudi kwenye STYLE, weka urefu 0, kisha urudi. Swali hili huulizwa kuliko mengine yote.

Kuhusu ukubwa, kuna jambo la kupima. Milimita 2.5 inatosha ukichapa kwenye karatasi ileile uliyopanga. Kama leyauti ni A1 lakini unajua saiti watapewa nakala ya A3, kila kitu kitapungua nusu, na 2.5 itakuwa 1.25. Hakuna fundi atakayesoma hiyo akiwa amesimama juu ya jukwaa jioni. Kwa kazi ya namna hiyo weka 3.5 au hata 5.

3. Nenda kwenye leyauti, usikae kwenye modeli, yaani sehemu unayochorea jengo kwa vipimo vyake halisi. Jedwali halina skeli ya jengo. Ukiliweka kwenye leyauti, 2.5 ni milimita 2.5 ya karatasi na hadithi inaisha. Ukiliweka kwenye modeli utalazimika kuzidisha: kwa skeli ya 1:50 maandishi yawe 125, kwa 1:100 yawe 250, na siku ukibadilisha skeli unaanza upya. Hakikisha pia hujabofya ndani ya dirisha la kutazamia (viewport), maana hapo unakuwa umerudi kwenye modeli bila kujua.

4. Andika TABLE. Chagua mtindo wa NONDO, acha Start from empty table, weka safu 15, mistari ya Data 4, upana wa safu 14, urefu wa mstari 1. Bofya mahali pa kuliweka. Mistari mitatu ni ya nondo zetu, wa nne ni wa jumla.

Kumbuka kwamba mstari wa kichwa kikuu ni namba 1 na wa vichwa vya safu ni namba 2. Data inaanza namba 3. Fomula zinazotoa majibu ya ajabu mara nyingi zimekosea hapo.

5. Jaza vichwa vya safu. Bofya mara mbili ndani ya seli, andika, bonyeza Tab kwenda seli ya pembeni. Ukitaka mstari mpya ndani ya seli ileile, Alt na Enter pamoja. Mpangilio wa safu ni huu, na usiuchanganye, kwa sababu wasomaji wa jedwali la nondo wamezoea mfuatano wake:

A: kijenzi. B: alama ya nondo. C: aina na kipenyo. D: idadi ya vijenzi. E: idadi katika kila kimoja. F: jumla ya idadi. G: urefu wa kila nondo. H: namba ya umbo. I hadi M: vipimo vya mkunjo, ambavyo kwenye kiwango vinaitwa A, B, C, D na E/r. N: jumla ya urefu kwa mita. O: uzito kwa kilo.

Tazama mtego uliopo: kipimo A cha mkunjo kiko kwenye safu I, kipimo B kiko kwenye safu J. Unapoandika fomula, herufi inayohesabika ni ya safu, ile inayoonekana pembeni ya jedwali unapobofya seli. Safu mbili za mwisho nimeziongeza mimi. Ofisi nyingine huweka uzito kwenye jedwali la pili, na kama ofisi yako ndiyo desturi yake, ifuate.

6. Rekebisha upana. Bofya seli moja ya safu, fungua Properties kwa Ctrl na 1, andika upana kwenye Cell width. Mimi huweka A 22, C 16, F 16, G 18, N na O 20 kila moja, zilizobaki 14. Jumla inakuja milimita 238, inakaa kwenye A3 bila kugombana na kisanduku cha jina la mchoro. Unaweza pia kuvuta vishikio vya bluu kwa kipanya, lakini ukivuta hivihivi safu ya jirani ndiyo inayoliwa. Shikilia Ctrl unapovuta ili jedwali lenyewe litanuke.

7. Weka aina ya data kabla ya kuandika. Chagua seli za safu B, C na H kwenye mistari ya data: bofya ya kwanza, shikilia Shift, bofya ya mwisho. Bofya kulia, nenda Data Format, chagua Text. Alama 01 na umbo 00 ni majina, si namba za kujumlisha, na sifuri yake ya mbele lazima ibaki. Safu D, E, F na G ziwe Whole Number. N na O ziwe Decimal zenye nafasi moja baada ya nukta.

8. Ingiza namba. Mstari wa 3: B1, 01, T16, 6, 3, acha F, 4725, 21, 200, 4380, 200. Mstari wa 4: B1, 02, T12, 6, 2, acha F, 4650, 21, 150, 4380, 150. Mstari wa 5: B1, 03, T8, 6, 21, acha F, 1325, 51, 400, 180, 115.

Ringi 21 zinatoka wapi? Milimita 4000 gawa kwa 200 ni nafasi 20, na nafasi 20 zinahitaji ringi 21. Ile moja ya mwisho husahauliwa sana.

Herufi T ni ya nondo ngumu. Kwenye michoro ya zamani utakuta Y, na kwenye mingi ya karibuni utakuta H. Tumia ile iliyo kwenye mchoro wako wa bimu. Jedwali likisema T na mchoro ukasema H, utapigiwa simu.

9. Andika fomula. Kwenye F3 andika =D3*E3. Kwenye N3 andika =F3*G3/1000. Kwenye O3 andika =N3*1.579, ambayo ni kilo za mita moja ya nondo ya 16. Kwa nondo ya 8 tumia 0.395, ya 10 tumia 0.617, ya 12 tumia 0.888, ya 20 tumia 2.466, ya 25 tumia 3.854. Ukisahau, chukua kipenyo mara kipenyo ugawe kwa 162, utakaribia sana.

F na N unaweza kuzishusha kwa kuvuta kishikio cha almasi kwenye kona ya seli. Safu O usiishushe hivyo bila kuangalia, kwa sababu 1.579 itashuka nayo na ringi zako zitapimwa kama nondo za 16. Bofya kila seli ubadilishe kizidishi.

Mwisho, kwenye O6 andika =Sum(O3:O5). Seli zilizobaki za mstari wa 6 ziunganishe kwa Merge Cells na uandike JUMLA.

Unapaswa kuona F: 18, 12, 126. N: 85.1, 55.8, 167.0. O: 134.3, 49.6, 65.9. Jumla: kilo 249.8.

10. Jaribu jedwali kabla ya kuliamini. Badilisha E5 kutoka 21 kuwa 28, ambayo ndiyo idadi ya ringi zikikaa kila milimita 150. Jumla inapaswa kupanda yenyewe hadi 271.8. Isipopanda, andika REGEN. Ikigoma hata hapo, kuna seli uliyoandika jibu kwa mkono badala ya fomula. Itafute kwa kubofya mara mbili kila seli ya F, N na O. Ukimaliza, rudisha 21.

Kilo si idadi ya nondo za kununua

Hapa naomba utulie kidogo. Jedwali limekupa mita 85.05 za nondo ya 16. Mtu anagawa kwa 12, urefu wa nondo moja ya dukani, anapata 7.09, anaagiza nondo 8. Zitapungua. Kila kipande ni mita 4.725, kwa hiyo nondo ya mita 12 inatoa vipande viwili tu na kubakiza mita 2.55 ambazo kwenye bimu hii hazina kazi. Vipande 18 vinataka nondo 9.

Nondo za 12 ni vivyo hivyo: hesabu ya haraka inasema 5, ukweli ni 6. Ringi ndizo zinazokaa vizuri, vipande 9 kwa kila nondo, jumla nondo 14 kamili. Kama unaandaa pia orodha ya manunuzi, itengenezee jedwali lake lenye safu ya vipande kwa kila nondo. Na upime nondo zinazouzwa mtaani kwako, maana si zote zinazoitwa za mita 12 zinafika 12.

Kama nyumba ina nondo nyingi

Kwa mistari kumi au ishirini njia ya juu inatosha. Kwa ghorofa lenye mistari mia mbili, fanya kazi Excel kisha uliunganishe jedwali. Fomula za AutoCAD hazina namna ya kupandisha hadi kigawe cha 25, wakati Excel inafanya hivyo kwa CEILING.

Hifadhi faili la Excel kwenye folda moja na mchoro. Kwenye AutoCAD andika TABLE, chagua From a data link, tengeneza kiungo kipya, onyesha faili, na kwenye aina ya njia chagua Relative path. Hilo la mwisho linaokoa kazi unapohamisha folda kwa fleshi. Ukichagua njia kamili, kompyuta ya pili italitafuta faili kwenye diski ya kompyuta ya kwanza. Excel ikibadilika, ihifadhi, kisha andika DATALINKUPDATE.

Usinakili Excel na kubandika kwa Ctrl na V. Kinachoingia ni picha iliyofungwa, hutaiweka kwenye mtindo wako na mara nyingi huchapwa vibaya. Kama ni lazima kubandika, tumia PASTESPEC na uchague AutoCAD Entities.

Ikigoma

*Seli inaonyesha ####.* Fomula ina kosa. Angalia kama umeelekeza kwenye seli ya maandishi, mara nyingi mstari wa 2 badala ya 3, au kama seli uliyoiweka Text ndiyo unayoizidisha. Kwenye Excel alama hizo humaanisha safu ni nyembamba, huku siyo.

*Namba zina kivuli cha kijivu nyuma.* Hizo ni seli zenye fomula. Kivuli hakichapwi, kiache.

*Seli hazikubali kuandikwa.* Zimefungwa na kiungo cha Excel. Utaona kufuli dogo ukisogeza kipanya. Rekebisha kwenye Excel.

*Jedwali ni refu kuliko karatasi.* Libofye, shika pembetatu iliyo katikati chini, ivute juu. Jedwali litakatika na kuendelea pembeni. Kwenye Properties kuna Repeat top labels, iweke Yes ili vichwa virudiwe.

*Mstari mmoja umekuwa mnene kuliko wenzake.* Maneno hayakuenea, yakashuka mstari wa pili. Tanua safu au fupisha neno. Usipunguze maandishi ya seli hiyo peke yake.

*Alama ya kipenyo, Ø, haitokei.* Andika %%c ndani ya seli. Ikitokea mraba au alama ya kuuliza, fonti ndiyo tatizo. Badilisha fonti kwenye STYLE.

*Jedwali limegeuka mistari na maandishi.* Kuna mtu alitumia EXPLODE. Fomula zimekufa na hazirudi. Kama UNDO haifiki huko, fungua nakala ya zamani au uanze upya kwenye hatua ya 4, na mtindo wa NONDO bado utakuwepo.